Unene na afya, zamani na leo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Unguja na Pemba

Haya ni maswali yanayorudiwa kliniki, kwenye vikoba, harusini na barazani. Yanaanza na vipimo, yanapita kwenye historia, kisha yanafika kwenye mambo yanayomtatiza mtu mmoja mmoja. Pale jibu linapogusa swali jingine, tumeandika namba yake badala ya kurudia.

## Vipimo vya kuanzia

1. Unene uliozidi ni nini hasa?

Ni mafuta ya mwili kujikusanya hadi yakaanza kudhuru afya. Kwa watu wazima, Shirika la Afya Duniani linatumia uwiano wa uzito na urefu, unaojulikana kwa herufi BMI. Chini ya 18.5 uzito ni pungufu. Kuanzia 18.5 hadi 24.9 ni wa kawaida, 25 hadi 29.9 umezidi, na kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Kipimo hiki hakitumiki hivi kwa mjamzito. Watoto wana chati zao za umri (swali la 20).

2. Nitajipimaje nyumbani?

Urefu kwanza. Vua viatu, simama na visigino na mgongo vikigusa ukuta, mwenzio aweke kitabu kilalie sawasawa juu ya kichwa, atie alama ukutani, kisha mpime kutoka sakafuni. Usikisie urefu wala usichukue ule ulioandikiwa skuli. Kosa la sentimita 4 linatosha kukuhamisha daraja.

Uzito upime asubuhi kabla ya kula, ukiwa na nguo nyepesi. Gawa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanamke wa kilo 78 mwenye urefu wa mita 1.58: 1.58 mara 1.58 ni 2.50, na 78 gawa kwa 2.50 ni 31.2.

Sasa kiuno, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Futi ya fundi cherehani haipiti pale unapofungia kanga wala kwenye mkanda wa suruali. Tafuta mbavu ya mwisho ubavuni, tafuta ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, na upime katikati yake, juu ya ngozi, baada ya kutoa pumzi kwa kawaida. Usivute tumbo. Kwa mwanamke hatari inaanza kupanda kwenye sentimita 80 na inakuwa kubwa kwenye 88. Kwa mwanamme ni 94 na 102. Wanaume wenye asili ya Kihindi huanza kuangaliwa kwenye 90.

Ukishindwa kukumbuka namba hizo, shika moja: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako.

3. Kwa nini kiuno kitazamwe zaidi kuliko mizani?

Kwa sababu mafuta hayana hatari sawa kila mahali. Mwaka 1947 daktari Jean Vague wa Marseille, Ufaransa, aliandika kwamba wagonjwa walionenepa sehemu ya juu ya mwili na tumboni ndio waliokuwa na kisukari na maradhi ya mishipa, kuliko walionenepa nyonga na mapaja. Ilichukua miongo kadhaa wenzake kumsikiliza. Leo inajulikana kwamba mafuta yanayozunguka ini na utumbo humwaga asidi za mafuta kwenye damu na kuufanya mwili usiitii insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, wakati yale ya nyonga na mapaja yamejihifadhi zaidi. Mwanamke mwenye nyonga pana na kiuno chembamba hayuko kwenye hatari sawa na mwanamme mwembamba wa miguu mwenye kitambi.

## Zamani za mbali

4. Ni kweli watu wa kale wote waliusifu unene?

Hapana. Sifa na onyo vimeishi pamoja tangu zamani. Kinyago kidogo cha jiwe kilichofukuliwa Willendorf, Austria, mwaka 1908, chenye urefu wa sentimita 11 na umri wa zaidi ya miaka 25,000, kinaonyesha mwanamke mnene sana. Aliyekichonga alikusudia nini hakuna awezaye kusema kwa uhakika, lakini mwili wa namna ile ulijulikana na ulistahili kuchongwa.

Waganga, kwa upande wao, walitahadharisha mapema. Hippocrates wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, anahesabiwa kusema kwamba watu wanene mno kwa maumbile hufa ghafla zaidi kuliko wembamba. India, maandiko ya Sushruta yaliunganisha unene na mkojo mtamu kama asali, yaani kisukari, na yakaagiza mazoezi na chakula kikavu. Galen, aliyetibu Roma katika karne ya 2, aliwafanyisha wagonjwa wake mbio na kuwapa chakula kingi chenye lishe ndogo. Ushauri huo haujachakaa.

5. Madaktari wa Kiislamu walisema nini?

Ibn Sina (980–1037) aliweka katika *Al-Qanun*, kitabu chake cha tiba, sehemu nzima juu ya madhara ya unene uliopita kiasi. Alieleza kwamba unamzuia mtu kutembea, unabana mishipa, unazuia pumzi, unapunguza uzazi, na kwamba mwenye nao yuko karibu na kifo cha ghafla au kupooza. Tiba yake ilikuwa kupunguza chakula chenye lishe nzito, kula baada ya kuchoka mwili, na kufanya mazoezi makali kidogo kidogo.

Wengi hawatambui kwamba elimu hii ipo majumbani mwetu hadi leo. Mgawanyo wa vyakula vya moto na vya baridi, unaotumiwa na bibi anapomkataza mzazi maji ya madafu na kumpa pilipili manga, unatoka kwenye tiba hiyo ya Kigiriki iliyopitia kwa Waarabu. Tumeshika upande wa kutia joto na kulisha, tukaacha ule wa kupunguza. Yote mawili yaliandikwa katika kitabu kimoja.

6. Dini inasemaje?

Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, inaamrisha kula na kunywa bila israfu. Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inasema mwanadamu hakujaza chombo kibaya kuliko tumbo, na kwamba akilazimika, theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Katika Bukhari imo pia hadithi inayotaja kudhihiri kwa unene miongoni mwa sifa za watu wa zama za baadaye, na wanavyuoni wameieleza kwa maana ya kupenda mno kula na starehe.

Wakati huohuo, Abu Dawud na Ibn Majah wamepokea kwamba mama yake Bibi Aisha alitaka mwanawe anenepe kabla ya kwenda kwa mumewe, na akamlisha matango kwa tende mbichi hadi akanawiri. Kwa hiyo anayesema dini imekataza mwili kujaa anakosea, na anayejificha nyuma ya hadithi ya matango naye anakosea. Kinacholaumiwa ni kupita kiasi. Maumbile ya mtu hayakejeliwi.

## Kwetu Visiwani

7. Kwa nini hapa mtu akinenepa anapongezwa?

Kwa sababu njaa ilikuwa jirani. Chini ya utumwa, uliofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, aliyekonda alikuwa ni yule aliyevuja jasho mashambani, na mwili uliojaa ulitangaza kwamba mtu ana wa kumfanyia kazi au ana uhuru wa kupumzika. Baadaye, Japani ilipoiteka Burma mwaka 1942, mchele tuliozoea kuuagiza kutoka huko ulikatika, ukaja mgao na watu wakarudi kwenye muhogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele na unga vilikuwa adimu tena, na foleni za chakula zinakumbukwa na kila mwenye umri wa kutosha. Biashara ilifunguliwa mwaka 1984, na wengi waliolea watoto kabla ya hapo wangali hai.

Mzazi aliyepita humo, akimwambia mwanawe "umenawiri", anamshukuru Mungu kwa kuwa mtoto ameshiba. Hakuna ujinga katika neno lile. Kilichobadilika ni mazingira: shibe imekuwa rahisi, na jicho letu bado linatafuta dalili za njaa.

Hatuko peke yetu. Waefik wa Calabar, Nigeria, walikuwa na chumba cha kumnenepeshea mwari kabla ya ndoa. Mauritania kuna desturi ya leblouh, ambako wasichana hulazimishwa maziwa na nafaka, wengine hadi kutapika. Ya kwetu haijawahi kufika ukali huo.

8. UKIMWI uliingiaje katika jambo hili?

Kwa nguvu sana. Wagonjwa wa kwanza Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na mwaka 1985 madaktari wa Uganda waliandika kuhusu maradhi yaliyojulikana kwa jina la wembamba. Kabla dawa za kufubaza virusi hazijapatikana, kukonda kulitosha kumfanya mtu anong'onwe. Mama aliyepungua kilo 8 kwa kutembea alilazimika kujieleza kwa majirani. Wapo hata leo wenye kisukari wanaoogopa kupungua kwa sababu hiyohiyo. Ukiwa na wasiwasi huo, waeleze watu wa nyumbani mapema kwamba unapunguza kwa makusudi na kwa ushauri wa daktari. Inasaidia kuliko kunyamaza.

9. Mbona mabibi zetu walikuwa wanene na wakafika miaka 80?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa hasira zaidi, na lina majibu matatu.

La kwanza, bibi alikuwa na mwili lakini hakukaa. Alitwanga, alikuna nazi kwa mbuzi, aliteka maji kisimani, alikwenda pwani kupweza bamvua likitoka, aliokota na kuchambua karafuu msimu mzima. Misuli inayofanya kazi huitumia sukari ya damu hata kwa mtu mzito.

La pili, tunawakumbuka waliobaki. Aliyeanguka ghafla akiwa na miaka 52 alisemwa kapigwa na upepo au kachezewa, kwa kuwa kijijini hapakuwa na mashine ya presha. Ukiwauliza wazee vizuri, watakutajia shangazi aliyepooza upande mmoja na mjomba aliyekatwa mguu.

La tatu, unene wa bibi ulikuja baada ya uzazi wa mwisho, akiwa na miaka 40 na kitu. Wa leo unaanza skuli ya msingi. Aliyeanza akiwa na miaka 12, akifika 45 ameubeba kwa miaka 33, na mishipa inahesabu miaka.

10. Biharusi anapowekwa ndani, kuna ubaya?

Kusingwa kwa singo na liwa, kufukizwa udi, kupumzishwa na kufundishwa na somo hakuna ubaya wowote. Ubaya unakuja pale wiki za kukaa ndani zinapojazwa maziwa ya sukari, halua na soda ili ang'ae na kujaa. Kilo 5 au 6 zinapatikana haraka, na kwa kuwa mimba nyingi za kwanza huja miezi michache baada ya harusi, anaingia kwenye ujauzito akiwa mzito kuliko alivyokuwa. Hapo kisukari cha mimba na presha ya mimba hupata njia. Mlisheni samaki, mayai, maziwa yasiyotiwa sukari, matunda na mboga. Mng'aro wa ngozi utapatikana.

11. Na mzazi katika arobaini?

Anayenyonyesha anahitaji nyongeza ya kalori kama 500 kwa siku. Hiyo ni sahani moja ndogo ya chakula, haifiki milo mitatu ya ziada. Uji wa pilipili manga ni mzuri ukipunguzwa sukari na samli. Supu ya kuku au samaki ni nzuri zaidi. Bokoboko lina nyama na ngano lakini samli yake huzidi. Bakuli moja dogo linatosha.

La kuogopa zaidi ni kulazwa kitandani nyumbani muda wote. Katika wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua damu huganda kwa urahisi, na kwa mama mnene au aliyepasuliwa hatari ni kubwa zaidi. Atembee ndani ya nyumba na uani kila siku tangu siku za mwanzo. Uvimbe au maumivu ya mguu mmoja, au pumzi kukata ghafla, ni safari ya spitali saa hiyohiyo. Mkanda wa tumbo haupunguzi mafuta. Unaweza kumpa mama utulivu wa mgongo ukifungwa kwa wastani, lakini ukikazwa sana husukuma viungo vya uzazi chini, na juu ya kidonda cha upasuaji usifungwe bila kumuuliza mkunga.

12. Kitambi si dalili ya mwanamme kufanikiwa?

Kilikuwa, kwa sababu zilezile za swali la 7. Leo kina maana nyingine: rudi swali la 3.

## Jinsi tiba ya kisasa ilivyobadili mawazo

13. BMI ilitungwa kwa ajili ya Wazungu. Kwa nini tuitumie?

Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, aliyeona mwaka 1832 kwamba uzito wa watu wazima huenda na mraba wa urefu, alikuwa mtaalamu wa hisabati na nyota akitafuta mtu wa wastani. Hakuwa anatibu mtu. Baadaye kampuni za bima Marekani zikataka kujua nani atakufa mapema, na mwaka 1942 na 1943 Metropolitan Life ikatoa jedwali za uzito bora kutokana na wateja wake, watu wa daraja fulani tu. Mwaka 1972 Ancel Keys, mtafiti wa Marekani, alilinganisha vipimo mbalimbali kwa wanaume wa nchi 5, akakipa kipimo cha Quetelet jina la BMI na kukisifu kwa kuchunguza makundi ya watu.

Mipaka nayo ilihama. Mwaka 1998 Marekani ilishusha mwanzo wa uzito uliozidi hadi 25, na mamilioni ya watu wakahesabiwa wazito bila kuongeza hata gramu. Mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza kwa watu wa Asia hatua zianze kwenye 23, kwa kuwa kisukari huwapata wakiwa na uzito mdogo. Visiwa hivi vina damu ya Kiafrika, Kiarabu, Kihindi na Kingazija katika ukoo mmoja, kwa hiyo mpaka mmoja hauwezi kuwa msumeno.

Itumie kama taa ya kwanza. BMI haitofautishi misuli na mafuta, haisemi mafuta yako wapi. Iongezee kiuno, presha na sukari, ndipo useme unajua hali yako.

14. Lini madaktari walianza kuuita maradhi?

Hatua kwa hatua. Mwaka 1863 William Banting, mtengeneza majeneza wa London, alichapisha kijitabu cha jinsi alivyopungua zaidi ya kilo 20 kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi kwa maelekezo ya daktari wake, na Ulaya ikaingia homa ya kupunguza mwili. Utafiti wa Framingham, Marekani, ulioanza mwaka 1948, uliwafuata watu kwa miaka mingi na mwaka 1983 ukaonyesha kwamba unene peke yake unaongeza maradhi ya moyo. Mwaka 1997 Shirika la Afya Duniani liliitisha kikao cha wataalamu, wakautaja kuwa janga la dunia. Chama cha Madaktari cha Marekani kiliutambua rasmi kuwa maradhi mwaka 2013.

Ubishi haujaisha. Januari 2025 jopo la kimataifa lililoandika katika jarida la *The Lancet Diabetes & Endocrinology* lilipendekeza kutenganisha watu wawili: ambaye unene umeshaharibu kazi ya viungo au maisha yake ya kila siku, na ambaye bado viungo vyake vinafanya kazi ila yuko kwenye hatari. Wa kwanza anahitaji tiba, wa pili anahitaji kufuatiliwa. Kwa maoni yetu huu ndio mgawanyo wenye manufaa zaidi kuliko namba 30 peke yake.

15. Si ni uvivu na ulafi tu?

Imani hiyo imewaumiza watu wengi, na sayansi haiiungi mkono. Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman, New York, iligundua leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta yenyewe kuuambia ubongo kuna akiba kiasi gani. Mtu akipungua, leptini hushuka, njaa hupanda, na mwili huanza kubana matumizi. Ndiyo maana kilo zinarudi hata kwa mwenye nia ya chuma.

Tumboni mwa mama pia kuna mchango. Watoto waliotungwa mimba wakati wa njaa ya Uholanzi ya 1944–45 walionekana ukubwani kuwa na matatizo zaidi ya sukari na uzito. Tukiikumbuka historia yetu ya mgao, hili linatuhusu: mwili ulioandaliwa kwa uhaba hulemewa haraka na wingi. Ndiyo sababu pia mara nyingine nyumba moja huwa na mama mnene na mtoto aliyedumaa.

Kumkejeli mtu mnene hakumpunguzi. Humfanya akimbie kliniki.

## Maisha ya leo

16. Nini hasa kimezidi katika chakula chetu?

Mafuta ya kupikia, sukari na unga mweupe. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120. Chapati mbili za kukandwa kwa mafuta na kikombe cha chai ya sukari vijiko 3 hufika karibu 700, na saa nne mtu anaongeza sambusa. Soda ya ml 350 ina gramu 35 au zaidi za sukari, takriban vijiko 9 vya chai. Juisi ya nyumbani haiponi: ukitia gramu 150 za sukari kwenye jagi la lita 1 la ukwaju, kila bilauri ya ml 250 imekuwa soda. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na ikiwezekana iwe 5, yaani kama vijiko 6 tu.

Kazi nazo zimepungua: mashine ya kusaga, mfereji, bodaboda.

17. Nipunguze vipi bila kuacha chakula chetu?

Anza na vinywaji, kwa kuwa havishibishi. Punguza sukari ya chai nusu kijiko kila wiki. Ulimi utazoea ndani ya mwezi mmoja au miwili.

Wali usiache, punguza. Tumia nazi 1 ulipotumia 2, wali upikie tui jepesi, kasimele ibaki kwa mchuzi wa siku ya wageni. Sahani igawe: nusu mchicha, bamia, kisamvu au kachumbari, robo samaki au kunde, robo wali au muhogo. Tatizo ni sinia, maana hakuna ajuaye amekula kiasi gani. Weka mboga na samaki kwanza, kuleni hivyo dakika chache, kisha wali upakuliwe katikati mara moja bila kuongezwa. Samaki wa kupaka au wa kuchemsha ndimu badala ya wa kukaanga hukuondolea vijiko 2 vya mafuta kwa mlo.

Harakati: dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Vikundi vya mazoezi vipo Unguja na Pemba, na wanawake wengi hutembea baada ya alfajiri kabla jua halijakaza. Asiyeweza kutoka apande ngazi. Wakaazi wa fleti za Michenzani wanazo mlangoni.

Lengo liwe asilimia 5 hadi 7 katika miezi 6. Kwa mwenye kilo 78 ni kilo 4 hadi 5 na nusu. Inaonekana kidogo, lakini utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kupungua asilimia 7 pamoja na dakika hizo 150 kulipunguza kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 58, kwa watu waliokuwa wamekaribia.

18. Kwa nini naongezeka Ramadhani na ilhali nafunga?

Futari. Tambi za sukari, visheti, kaimati, mihogo na ndizi za nazi, juisi mbili, kisha daku la wali saa tisa usiku, na mchana wote mtu amelala. Fungua kwa tende 1 hadi 3 na maji, kula uji au supu, swali, ndipo ukae kwenye chakula. Chagua kitamu kimoja kwa usiku. Anayetumia dawa za kisukari aonane na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama ili dozi na saa zibadilishwe. Akiacha dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, sukari hupaa.

## Mambo ya pembeni

19. Vidonge vya kuongeza mwili na makalio vina madhara?

Vikubwa. Vingi vinavyouzwa kwa siri vina deksamethazoni au siproheptadini. Ya kwanza ni dawa ya uvimbe na mzio mkali: hujaza uso na tumbo maji na mafuta, hupandisha sukari na presha, hulegeza mifupa, na huzilaza tezi za mwili zinazotengeneza homoni inayofanana na dawa hiyo. Anayeitumia kwa wiki kadhaa akiiacha ghafla anaweza kuanguka kwa presha kushuka. Kama umeshaitumia hivyo, usiikate peke yako. Nenda spitali upunguziwe taratibu. Ya pili huleta njaa na usingizi mzito. Hakuna kidonge kinachochagua makalio.

20. Mwanangu ni kibonge. Si ndiyo afya?

Mtazame kwenye kadi ya kliniki, kwa umri na urefu wake. Aliye chini ya miaka 2 asipunguziwe chakula: endelea kumnyonyesha na umwondolee soda, juisi za paketi na biskuti. Mkubwa kidogo asiwekwe kwenye mlo wa peke yake mbele ya nduguze. Nyumba nzima ibadilike, acheze nje saa 1 kwa siku, na fedha ya skuli isiishie kwenye bigbom na bisi za rangi. Watoto wengi hawahitaji kupungua kilo. Inatosha uzito usimame wakati urefu unaongezeka.

21. Chai za kupunguza na sindano mpya je?

Chai nyingi zina sanamaki, ambayo huharisha. Mizani inashuka kwa maji, mafuta yamebaki, na potasiamu ikipungua moyo hupiga ovyo. Nyingine zimewahi kukutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuongeza mashambulizi ya moyo na kiharusi. Historia imejaa vifo vya namna hii: dinitrofenoli, iliyouzwa miaka ya 1930, ilichemsha miili ya watu hadi ikapigwa marufuku Marekani mwaka 1938.

Semaglutidi, ambayo ni mojawapo ya hizo sindano mpya, ni jambo tofauti. Iliidhinishwa Marekani kwa kupunguza uzito mwaka 2021, na katika majaribio watu walipungua wastani wa asilimia 15 kwa wiki 68. Walioacha walirudishiwa karibu theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka. Inahitaji daktari, jokofu na fedha za kuendelea nayo. Usinunue kichupa kilichosafirishwa ndani ya mkoba bila barafu.

22. Mume wangu anapenda mwili, hataki nipungue.

Wengi wanaogopa kupoteza umbo zima. Mpunguo wa kilo 4 au 5 kwa kula vizuri na kutembea hupunguza mafuta ya ndani ya tumbo mapema, na nyonga hubaki. Nendeni kliniki pamoja, apimwe na yeye kiuno na presha. Mara nyingi ndiye anayerudi na namba mbaya zaidi.

23. Mimi mnene lakini presha na sukari ni nzuri. Nijisumbue?

Furahi, na upime tena kila mwaka. Wengi walio katika hali hii hawabaki nayo miaka yote. Zuia kiuno kisiongezeke na usiache kutembea. Ukipimwa presha, angalia kitambaa cha mkononi: kikiwa kidogo kwa mkono mnene, mashine husoma juu kuliko ukweli, na watu wameandikiwa dawa wasizozihitaji. Omba kile kikubwa.

24. Mbona jirani ni mwembamba na ana kisukari?

Kuna kisukari kisichotokana na uzito, hasa cha vijana ambao mwili wao umeacha kutengeneza insulini. Pia kuna wembamba wenye mafuta ndani ya tumbo na ini (swali la 3). Wembamba haumwondolei mtu haja ya kupimwa, khasa akiwa na mzazi au ndugu mwenye kisukari.

25. Nimepungua bila kujaribu. Nishukuru?

Usishukuru kabla ya kupimwa. Kupungua asilimia 5 au zaidi ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia kunahitaji uchunguzi: sukari, kifua kikuu, VVU, tezi ya shingo na saratani. Ukiwa na kiu isiyoisha na mkojo wa mara kwa mara, nenda leo. Kikohozi cha wiki 2 au jasho la usiku nacho kisisubiri. Chukua kadi zako za zamani zenye uzito ulioandikwa, maana daktari atataka kujua umepungua kiasi gani na tangu lini.